Mtandao Unasumbua Wapi?

"Mtandao unasumbua." Sentensi hii tumeizoea. Tunaisikia kwenye dirisha la benki, kwenye kaunta ya tiketi za basi, na hospitalini mbele ya foleni ya watu wanaosubiri kuandikishwa. Anayeitamka hasemi uongo, kwani kweli kuna kitu kimekwama. Lakini hatuambii ni kitu gani. Huenda mkongo umekatika baharini, au waya umechomoka nyuma ya meza. Huenda seva ni nzima ila jina lake halipatikani, au cheti chake cha usalama kimeisha muda na hakuna aliyekumbuka kukihuisha. Huenda pia mtandao hauna kosa lolote, ni nywila tu iliyobadilishwa. Kila moja ya kasoro hizi ina fundi wake na tiba yake. Sisi tumezifunika zote kwa sentensi moja, kisha tunakaa kusubiri.

Insha hii inausifu ufundi unaokataa kusubiri namna hiyo. Chombo chake ni programu ndogo iitwayo curl. Haina picha, haina vitufe, haina dirisha la kupendeza. Unaiandikia mstari mmoja wa amri. Inakwenda ulikoielekeza, inafikisha ombi lako, na inakuletea jibu kama lilivyotolewa. Kupeleka na kuleta ndiyo kazi yake yote. Nimeishi nayo katika kazi ya kutunza mifumo ya ofisi, na naamini somo lake linazidi amri zake: tatizo likishatajwa mahali lilipo, limeshaanza kutatuliwa.

Tuanze na zoezi dogo. Fungua terminali, uandike:

curl -v http://example.com/

Anwani hiyo imetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo humsumbui mtu. Herufi v inaitaka curl isifiche lolote. Maandishi yatakayoshuka kwenye skrini yamepangwa kwa alama tatu. Mistari yenye nyota ni ya curl yenyewe ikieleza inachofanya: nimelipata jina na namba yake, najaribu namba hii, nimeunganishwa kwenye mlango wa 80. Mistari yenye mshale unaoelekea kulia ni maneno yaliyotoka kwako. Yenye mshale unaoelekea kushoto ni maneno yaliyotoka kwa seva.

Maneno yanayotoka kwako ni machache ajabu. Mstari wa kwanza ni GET / HTTP/1.1, yaani nipe ukurasa wa mbele, tuzungumze kwa utaratibu huu. Unafuata mstari wa Host, unaotaja tovuti inayotafutwa, kwa kuwa mashine moja yaweza kubeba mamia ya tovuti na bila mstari huo isingejua umekuja kwa nani. Kisha User-Agent: anayeuliza ni curl, toleo fulani. Kisha Accept: nitapokea cha aina yoyote. Mwisho kabisa unakuja mstari mtupu, na mstari huo una kazi kubwa. Ndio unaoiambia seva kwamba ombi limekamilika na sasa ni zamu yake. Usipoutuma, upande wa pili utaendelea kungoja, ukidhani bado una la kuongeza. Seva nayo hujibu kwa mpangilio uleule: mstari wa hali, mistari ya maelezo, mstari mtupu, halafu ukurasa wenyewe.

Hapo mwanafunzi hugundua kwamba chini ya rangi, video na matangazo kuna maandishi tu, tena maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Tangu HTTP/2 ilipoidhinishwa mwaka 2015, maneno hayo mara nyingi husafiri yakiwa yamefungashwa kwa namna ambayo jicho haliwezi kuisoma, lakini curl huyafungua na kuyaonyesha katika sura ileile ya zamani. Kivinjari chako hufanya mazungumzo haya mara nyingi kwa ukurasa mmoja, na huyafanya kimya. Wema wake ni kukurahisishia. Lakini siku mambo yakiharibika, ukimya huohuo hukuacha mikono mitupu.

Programu hii ilizaliwa na haja ya kawaida kabisa. Mwaka 1996 Daniel Stenberg, mwandishi wa programu wa Sweden, alikuwa na roboti iliyohudumia watu waliokuwa wakipiga soga kwenye chumba kimoja cha IRC. Alitaka iweze kuwabadilishia hesabu za fedha kwa viwango vya siku. Viwango vilikuwa kwenye tovuti, na ilibidi viletwe mara kwa mara bila mkono wa mtu. Akaikuta httpget, programu fupi iliyoandikwa na Mbrazili Rafael Sagula, akaanza kuirekebisha. Ilipojifunza kuhamisha mafaili kwa FTP ikaitwa urlget. Tarehe 20 Machi 1998 ikatoka kwa jina la curl, ikiwa na mistari ya msimbo ipatayo 2,200.

Mwaka 2000 kiini chake kiligeuzwa kuwa maktaba, libcurl, ili programu nyingine ziibebe ndani mwao. Kwa njia hiyo imeingia kwenye simu, televisheni, magari na mitambo ya michezo. Kompyuta za Mac zimekuja nayo tangu 2001, na Windows 10 ikaipokea mwaka 2018. Stenberg mwenyewe anakadiria kwamba imesakinishwa zaidi ya mara bilioni 20. Mwaka 2017 alitunukiwa Tuzo ya Polhem, tuzo ya uhandisi ambayo Sweden imeitoa tangu karne ya 19, na nishani ya dhahabu alikabidhiwa na mfalme.

Mimi sivutwi sana na wingi huo. Kinachonivuta ni uaminifu wa chombo kwa watu waliokwisha kukitegemea. Tangu mwaka 2006 watunzaji wa libcurl hawajaivunja namna programu nyingine zinavyoungana nayo. Skripti aliyoiandika mtangulizi wako ofisini, ambaye ameshastaafu, huenda ikaendelea kuleta faili lake kila alfajiri bila kuguswa. Katika fani ambayo kila mwaka huleta kitu kipya na kukitupa cha jana, huu ni uungwana mkubwa.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe. Mnunuzi makini wa nazi huitikisa sikioni kabla ya kutoa fedha, asikie kama ina maji. Chaguo la -I hufanya kazi hiyo. Linaiomba seva ilete mistari ya maelezo peke yake na kuuacha mzigo kule uliko. Kwa ombi hilo dogo unajua faili lina ukubwa gani, ni la aina gani, lilibadilishwa lini, na kama kweli lipo. Kwa anayenunua bando kwa megabaiti, kujua mapema kwamba kilichoitwa waraka mfupi ni gigabaiti nzima si jambo la kupuuza. Kuna tovuti chache zinazokataa kuulizwa kwa namna hiyo, lakini nyingi hujibu bila shida.

Ubora wa chombo hiki huonekana zaidi njia inapokuwa mbovu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayotuhudumia, EASSy na Seacom, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa siku kadhaa kurasa zilifunguka kwa taabu. Katika hali kama hiyo, kupakua faili la gigabaiti 4 kwa kivinjari ni kujitafutia maumivu, maana mara nyingi likikatika mwishoni unarudi mwanzo. Mwenye curl huandika hivi:

curl -C - -O

kisha anwani ya faili. Kinachofuata kinafaa kutazamwa kwa karibu. Curl kwanza hupima kipande kilichokwisha kufika kwenye diski yako. Tuseme ni gigabaiti 3 kamili, yaani baiti 3,221,225,472. Itatuma ombi lenye mstari huu:

Range: bytes=3221225472-

Maana yake: nianzie hapa, yaliyotangulia ninayo. Seva inayoujua utaratibu hujibu kwa namba 206, kwamba inatoa sehemu tu, na hutaja sehemu hiyo inaanzia baiti ya ngapi, inaishia ya ngapi, na faili zima ni baiti ngapi. Kipande kipya huungwa kwenye kile cha zamani, na kazi inaendelea. Ikiwa seva haitoi mafaili kwa vipande, curl husimama na kukwambia hivyo waziwazi. Haikuachii faili lililoungwa vibaya. Fundi mwangalifu humalizia kwa kulinganisha alama ya SHA-256 ya faili alilopata na ile iliyotangazwa na mwenye faili, kwa sababu faili likibadilishwa kule kwenye seva katikati ya safari, vipande viwili vyaweza kuungana bila kuwa vya mwili mmoja.

Ongeza --retry, na curl itajaribu tena seva ikijibu kwamba imelemewa kwa muda au ikichelewa mno. Ongeza --limit-rate 200k, na faili litapita polepole bila kuwanyang'anya wenzako ofisini njia ya kufanyia kazi. Ukiwa na orodha ndefu ya mafaili, chaguo la -Z huyaleta kadhaa kwa pamoja. Kwa anayetaka kunakili tovuti nzima, kiungo kwa kiungo, ipo GNU Wget, kazi nzuri iliyoanzishwa na Hrvoje Nikšić mwaka 1996. Curl haifuati viungo kwa hiari yake. Inaleta ulichokitaja, na huo ndio mpaka iliojiwekea.

Turudi kwa yule mhudumu na foleni yake. Curl ikishindwa, huondoka ikiacha namba. Namba 6: jina la seva halikupatikana, kwa hiyo chunguza DNS, daftari la majina ya mtandao. Namba 7: jina limepatikana, lakini muunganisho haukufanyika, huenda huduma imezimwa au kuna ukuta wa usalama unaozuia. Namba 28: muda uliowekwa umekwisha. Namba 60: cheti cha seva hakikuthibitishwa. Namba hizi nne peke yake zinatosha kuigawa ile sentensi yetu ya kila siku katika kazi nne za watu tofauti.

Tena kuna hekima katika namna curl inavyotenganisha safari na jibu. Ukiomba ukurasa usiokuwepo, seva itajibu 404, na curl kwa kawaida itaondoka na namba 0, kwamba kila kitu ni salama. Wageni wa chombo hiki hushangaa. Lakini ni kweli: ombi lilifika, jibu lilirudi, na jibu ni kwamba kitu hicho hakipo. Njia haikuwa na kosa. Ukitaka jibu la namna hiyo lihesabiwe kuwa kushindwa, utaongeza -f, na curl itaondoka na namba 22. Ndani ya majibu yenyewe nako kuna ngazi. Seva ikisema 401, inataka ujitambulishe kwanza. Ikisema 403, imelielewa ombi lakini hairuhusu. Ikisema 429, umeuliza mara nyingi mno, pumzika. Ikisema 500, kosa liko kwake. Kumlaumu mtoa huduma wa intaneti kwa sababu ya 403 ni kumwonea.

Hata ucheleweshaji una anwani. Chaguo la -w huagiza curl iandike muda uliopita tangu mwanzo hadi kila hatua. Tuseme umepata haya: jina limepatikana kwenye sekunde 0.02, muunganisho kwenye 0.20, makubaliano ya usalama yamekamilika kwenye 0.45, baiti ya kwanza ya jibu imefika kwenye 9.80, yote yamekwisha kwenye 9.90. Soma pengo. Jina, njia na cheti havikufikisha hata nusu sekunde. Sekunde zaidi ya tisa zimeliwa baada ya ombi kufika, na kwa kawaida pengo kama hilo ni la programu kule kwenye seva, huenda ikihangaika na hifadhidata yake. Hapo kuongeza kasi ya intaneti ofisini ni kutupa fedha. Anayehitajika ni mtu wa hifadhidata, na hoja ya kumpelekea ni mstari mmoja wa namba.

Ufundi huu umekuwa na thamani ya pekee kwetu tangu fedha za simu zilipofungulia milango waandishi wa programu. Anayetaka duka lake lipokee malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom ya Kenya kwa waandishi wa programu, huanza kwa ombi dogo la GET, likiwa na ufunguo na siri aliyopewa. Akikubaliwa, hurudishiwa tokeni pamoja na muda wake wa kuishi, sekunde 3,599. Kwa tokeni hiyo hutuma ombi la pili, lenye kiasi na namba ya simu, na mteja hutokewa na kisanduku cha kuweka PIN. Kijana anayeanza kwa kuandika programu nzima ya duka, kisha malipo yakagoma, hajui aanzie wapi kutafuta. Anayeanza na curl hujua jambo moja baada ya jingine: ufunguo umekubaliwa, tokeni imetolewa, ombi la pili limekataliwa, na jibu limeeleza sababu. Akishafika hapo, kuandika programu ni kuyahamisha yale aliyokwisha kuyathibitisha. Si ajabu kwamba nyaraka nyingi za huduma za namna hii hutoa mifano kwa curl, na kwamba vivinjari vikubwa vina sehemu ya kunakili ombi lolote likiwa amri ya curl iliyo tayari kuendeshwa.

Kila ufundi una adabu zake, na huu una zake. Chaguo la -k huitaka curl isikague cheti cha seva, na wengi hulikimbilia mara wanapoona namba 60. Kwenye mashine ya majaribio chini ya meza yako halina neno. Kwenye mfumo wa malipo ni hatari, kwa sababu unampa siri zako yeyote aliyejiweka katikati ya njia. Fundi mwenye adabu hukitengeneza cheti. Vilevile, nywila iliyoandikwa kwenye mstari wa amri hubaki katika kumbukumbu ya terminali, akaja kuisoma mwingine. Mahali pake ni kwenye faili lililofungwa, ambalo curl inajua kulisoma. Na seva ya watu si mali yako. Skripti inayoomba ukurasa uleule mara mia kwa dakika, kwa habari inayobadilika mara moja kwa siku, inawaibia wenye seva na watumiaji wenzako.

Adabu kubwa zaidi imeonyeshwa na watunzaji wenyewe. Tarehe 11 Oktoba 2023 walitoa toleo la 8.4.0 kuziba tundu la usalama lililopewa namba CVE-2023-38545. Tundu lilikuwa katika sehemu inayopita kwenye proksi ya SOCKS5, nalo lilihusu majina ya seva yanayozidi baiti 255. Lilikuwa limekaa humo tangu mwaka 2020. Stenberg hakujificha nyuma ya maneno kama hitilafu ya kiufundi. Aliandika maelezo marefu akionyesha msimbo wenyewe, uliingia lini, kwa nini haukuonekana, na kwamba aliyeuandika ni yeye. Programu iliyotufundisha kutaja tatizo mahali lilipo ilitajiwa lake kwa utaratibu huohuo. Naheshimu hilo kuliko nishani.

Kwa sababu hizi ningependa vyuo vyetu viifundishe curl katika wiki za mwanzo, kabla ya mifumo mizito ya kutengenezea tovuti. Haihitaji kompyuta ya gharama wala leseni. Ni programu huria, na mwongozo wake wote husomeka bila intaneti. Mwanafunzi akishaweza kusoma ombi na jibu, lugha yoyote ya programu atakayokutana nayo baadaye itakuwa njia nyingine tu ya kutuma mistari aliyokwisha kuijua.

Kuna pia jambo la haki. Mtengeneza programu wa Kigoma au Bukavu anapolalamika kwa kampuni kubwa iliyo mbali kwamba huduma yao haifanyi kazi, ni rahisi kujibiwa kwamba tatizo liko kwake, mtandao wa huko unajulikana. Lakini akituma amri ya curl, jibu alilopata, saa aliyolipata na muda wa kila hatua, mazungumzo hubadilika. Amri ileile inaweza kuendeshwa na mhandisi wa upande wa pili, na kama kosa ni lao, litawatokea palepale mezani kwao. Umbali, lafudhi na cheo havina nafasi katika mstari huo. Hilo ndilo jambo ambalo ningetaka kila kijana anayeingia katika kazi hii aondoke nalo: ajifunze kuuliza kwa namna ambayo yeyote aweza kulirudia swali lake, na hakuna atakayeweza kumrudisha kwenye foleni kwa maneno matupu.